J/24, Wayfarer au Tiki 21: yoti gani ya kushindania na kusafiria kwa mtu wa Mwanza?

Tulikuwa watatu tuliokubaliana kuchanga hela, kila mmoja na boti yake kichwani. Wa kwanza alitaka mashindano: Jumamosi mchana azunguke maboya ghubani na arudi kabla sato hajapoa mezani. Wa pili ana mke na watoto wawili, yeye alitaka chombo cha kumfikisha Ukerewe, alale huko, Jumapili arudi. Mimi nilitaka kitu ambacho hakitanifanya nianze kukwepa simu za fundi. Hela ilikuwa ya chombo kimoja. Tulibishana miezi, majina yakapukutika, yakabaki matatu: J/24, Wayfarer na Tiki 21.

Niseme mapema nilikoegemea, usije ukasoma ukidhani nakuficha kitu: naegemea Wayfarer. Lakini sababu zangu ni za ziwa hili na ufukwe huu. Mtu wa Msasani akizibeba zilivyo anaweza kujikuta na boti isiyomfaa.

Vyombo vyenyewe

J/24 ni ya Mmarekani Rod Johnstone, aliyeijenga ile ya kwanza kwenye gereji ya nyumbani kwake. Mwaka 1976 ikaanza kuwashinda wakubwa, watu wakataka kama ile, na kuanzia 1977 ikawa inatoka kiwandani. Hadi leo zimetengenezwa zaidi ya 5,000. Ina urefu wa mita 7.32, upana wa mita 2.71, na mkuku (lile pezi zito la chini) usiopandishwa, unaozama mita 1.22. Uzito wake ni kama kilo 1,400, na zaidi ya 400 kati ya hizo ni za kuituliza, ziko chini kabisa. Ndani kuna vitanda vinne na dari ambalo mtu mzima analiamkia kwa kuinama kila anapoingia.

Wayfarer ni kazi ya Mwingereza Ian Proctor, ya mwaka 1957. Mita 4.82 kwa 1.85, na bodi yake ina kilo 170 hivi. Haina chumba. Waingereza huiita dingi, jina ambalo mitaani kwetu ni la baba mzazi, na kwa kweli imetulia kama baba wa watu: pana, ya kusamehe makosa, sakafu yake tambarare kiasi kwamba watu wawili wanalala humo wakitundika hema juu ya ule mti wa chini ya tanga. Badala ya mkuku ina ubao wa katikati unaoshushwa na kupandishwa. Ukiupandisha, chombo kinaelea kwenye maji ya sentimita 20.

Tiki 21 ni katamarani iliyochorwa na James Wharram: mitumbwi miwili myembamba ya plaiwudi, futi 21 kila mmoja, iliyounganishwa kwa maboriti, na maboriti yenyewe yamefungwa kwa kamba. Mtu wa Pwani akiiona atakumbuka ngalawa na matengo yake. Ina upana wa mita 3.66, inazama sentimita 36 tu, na imechorwa ili mwenye nayo aijenge mwenyewe. Asidhani mtu ni kitu cha kuchezea karibu na ufukwe: Rory McDougall aliizunguka dunia nayo, aliondoka 1991 akarudi 1997.

Kulikuwa na Catalina 22 pia, yenye mkuku wa kukunja. Tuliiacha kwa sababu ina kama tani moja na mwenzetu wa mashindano aliiangalia picha yake mara moja tu. Na mtumbwi wa tanga wa wavuvi? Ni wa bei nafuu kuliko vyote hivi, mafundi wake wako kila mwalo, na upepo ukiwa nyuma unakimbia vizuri. Upepo ukiwa mbele, kwa kuwa hauna ubao wa kuuzuia usisukumwe ubavu, unashika kasia.

Upepo wa huku

Kitu ambacho vitabu vya yoti havimwambii mtu wa Mwanza ni kwamba anasafiri juu ya mlima. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10. Upepo wa kilomita 20 kwa saa unasukuma tanga kama ule wa kilomita 19 kule Pwani. Si tofauti ya kulia, lakini ipo siku zote, na mashine ya petroli nayo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu kuna mwendo wa siku. Usiku hadi asubuhi nchi kavu inapumua kuelekea ziwani. Mchana, jua likishachoma miamba, ziwa linarudisha pumzi. Anayekwenda Nansio, mji wa Ukerewe, akitoka Mwanza alfajiri anasukumwa kaskazini, na kesho yake mchana upepo wa ziwa unamleta nyumbani. Katikati, kwenye saa nne au saa tano, maji hulala kama chai kikombeni. Kusi likikaza kati ya Juni na Agosti, hesabu inavurugika: kwenda ni mteremko, kurudi ni kubisha. Sisemi kubisha kwetu kwa mezani, nasema kule kwenda upande huu na upande ule ukiuparamia upepo, kazi inayochosha zaidi kuliko mabishano yoyote.

Hapo uzito unaingia. J/24 na watu wake watano ina kama tani 1.8, na matanga yake ya kawaida ni mita za mraba 24 hivi. Hiyo ni kama mita 13 kwa kila tani. Wayfarer ikiwa na watu wawili na mizigo haizidi kilo 350 kwa sana, ikibeba mita za mraba kama 12: zaidi ya mita 30 kwa tani. Kwenye upepo mwepesi wa asubuhi Wayfarer inaamka kwa pumzi kidogo, na upepo mzuri ukiwa nyuma inapanda juu ya maji na kuteleza, jambo ambalo J/24 hulifanya kwa nadra. Kwa umbo lake J/24 inabanwa karibu na kilomita 11 kwa saa.

Ila upepo ukichafuka, mambo yanageuka. J/24 inalala ubavu, ule uzito wa risasi ulio chini unaivuta, inasimama tena. Wayfarer inakutaka upunguze tanga mapema, ukae ukingoni, na usiwe na kiburi. Ukipinduka unasimama juu ya ule ubao wa katikati, unaivuta irudi, unaanza kumwaga maji. Watu wazima wawili waliofanya mazoezi wanaweza. Mwaka 1963 Frank Dye na mwenzake waliitoa Wayfarer Scotland hadi Iceland, chombo wazi kisicho na chumba. Mwaka uliofuata, akielekea Norwei, dhoruba ilimpindua mara nne na kumvunjia mlingoti, na bado alifika. Nalitaja hilo kuonyesha chombo kinavumilia nini. Asitokee wa kwenda kulijaribu Januari katikati ya Ukara na Bukoba.

Nansio ni kama kilomita 45 hadi 50 kutoka mjini. J/24 kwenye upepo mzuri ni saa tano. Wayfarer weka sita au saba. Tofauti hiyo mwenzetu wa mashindano aliirudia kila kikao, mpaka tukamuuliza: hizo saa mbili ukizipata utazifanyia nini Nansio?

Vitanda vinne vya tani moja

Hapa ndipo tulipopotea muda mrefu. Tulihesabu vitanda. Chombo cha kusafiria ni chenye mahali pa kulala, sivyo? Na J/24 inavyo vinne, Tiki 21 inavyo viwili (kimoja kila mtumbwi, kama sanduku la viatu virefu), Wayfarer haina hata kimoja. Kwa hesabu hiyo J/24 imeshinda kabla hatujaenda mbali.

Lakini ziwa hili linanyesha na kupiga radi usiku. Mawingu hujijenga juu ya maji giza likiingia, na dhoruba nyingi zinafika kati ya usiku wa manane na alfajiri. Kila mvuvi mzee niliyemwuliza angelala wapi usiku wa shaka ameniambia jibu moja: mchangani, chombo kimevutwa juu. Hakuna aliyeniambia angetia nanga na kujifunika. Ukishalikubali hilo, vitanda vya J/24 vinakuwa vya mchana. Unabeba tani nzima ya chombo ili ulale mahali ambapo usiku wenyewe hutaki kulala.

Wayfarer unaifikisha mchangani. Inaburutwa na watu wanne au watano, na ufukwe wowote wenye mwalo hao watu hawakosekani. Soda kadhaa na salamu nzuri zinatosha. Hema linatundikwa, au unalala gesti kama binadamu wengine. J/24 haiburutwi na mtu. Inabaki nje ikicheza na kamba ya nanga, na wewe uliye gesti unasikiliza radi ukihesabu nyuzi za ile kamba.

Kuna deni moja ambalo lazima nililipe upande wa J/24. Chombo cha kuburuta kinakutia majini, na maji ya kina kifupi yenye majani na matete ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Mwenye yoti iliyotia nanga anashukia kwenye gati na miguu mikavu. Sisi wa dingi tunachagua ufukwe wa mawe au mchanga safi, tunavaa buti za mpira, tunajikausha upesi, na tunakwenda kupima. Dawa ipo, praziquantel, lakini ni afadhali mtu asiifanye kuwa desturi ya kila mwisho wa mwezi.

Kilicho chini ya maji

Mwanza ni mji wa mawe, na mawe hayaishii ufukweni. Jiwe la Bismarck unaliona kwa sababu limesimama. Kuna ndugu zake wengi waliolala sentimita 80 chini ya uso. Ziwa nalo hupanda na kushuka. Mwaka 2020 lilipanda mpaka likameza fukwe na kuingia majumbani, na jiwe ulilozoea kulikwepa kwa kuliona likawa la kulikumbuka. Mkuku wa J/24 ukigonga jiwe, mshtuko unakwenda moja kwa moja kwenye bolti zinazoushikilia. Ubao wa Wayfarer ukigonga unakunjika kwenda juu, unasikia mlio, unatukana kidogo, unaendelea.

Nyavu ni kesi nyingine. Jioni moja nilikuwa mgeni kwenye yoti ya mkuku mrefu, tunarudi mjini, tukasimama ghafla kama tuliotia nanga. Tulikuwa tumenasa wavu wa sangara, umepita kati ya mkuku na usukani. Baada ya muda akaja mwenyewe na mtumbwi wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtakaa kwenye wavu wangu mpaka saa ngapi, wanangu?"

Kijana wake alipiga mbizi mara tatu na kisu hakikutumika, ambayo ni heshima kubwa sana. Tulilipa fidia na tulistahili. Na chombo cha ubao wa kupandisha kingevuta juu ubao na usukani na kupita juu ya ule wavu bila kesi. Ni hivyo hivyo na magugu maji: yakiingia ghubani, mkuku mrefu unayakusanya kama reki, na mashine inayonyonya maji ya kupoza inaziba.

Tiki 21 hapa inafanya vizuri kuliko J/24, inazama kidogo. Daraja la Kigongo–Busisi nalo limeongeza swali jipya kwa wanaopenda kusini mwa ghuba: pima mlingoti wako kabla hujaelekea huko. Wa Wayfarer unalazwa kwa dakika chache.

Tiki, nusura tuichague

Kwa mwezi mzima mimi nilikuwa mtu wa Tiki. Wazo la kuijengea hapa hapa lilinivutia: mafundi tunao, maji baridi hayana wale wadudu wa chumvi wanaotoboa mbao Pwani, na hakuna kontena la kusubiri Dar. Lakini fundi wa mitumbwi anajua ubao, misumari na kuziba kwa pamba. Tiki inashonwa na kugundishwa kwa epoksi, gundi inayopimwa kwa mizani na si kwa jicho, na plaiwudi inayotakiwa si ile ya dari. Ukiuziwa ya shaka, kata kipande, kichemshe kwenye sufuria saa moja au mbili, kikauke, ukibandue kwa kisu. Tabaka zikiachana, hiyo ni ya kabati. Nilijaribu vipande viwili vya maduka mawili na vyote viliachana, na nyumbani waliuliza kwa nini sufuria ya maharage inanuka gundi.

Na bado mbao huku zinaoza, si kwa ziwa bali kwa maji ya mvua yanayotuama ndani ya chombo kilichoachwa wazi.

Kwenye mashindano Tiki inakosa wa kushindana naye, na ikigeuka kuuparamia upepo inageuka kwa taratibu zake, unaweza kusimulia hadithi. Kwa safari ya siku tano kuelekea visiwa vya Kome na Maisome ningeichukua kabla ya vyote. Kwa kuzunguka boya Jumamosi, hapana.

Watu, usafiri, na mambo ya kununua

J/24 inashindana na watu watano hivi. Sheria ya mashindano ya J/24 inaweka ukomo wa kilo 400 kwa wote pamoja. Sasa tafuta watu watano walio huru Jumamosi Mwanza. Jumamosi ni ya harusi, kikao cha harusi, au msiba. Wayfarer inataka wawili, na akikosekana mmoja unaweza kutoka peke yako kwa tanga lililopunguzwa.

Kuhusu haki ya mashindano kati ya vyombo visivyofanana, vilabu hutumia namba za Portsmouth: muda uliotumia unazidishwa kwa 1,000 na kugawanywa kwa namba ya chombo. Namba ya Wayfarer iko karibu na 1,100, karibu sawa na ya Laser, dingi ya mtu mmoja. Ukimaliza kwa dakika 66, unaandikiwa 60. Kwa hiyo Wayfarer moja katikati ya vyombo mchanganyiko haikosi mashindano.

Usafirishaji ndio ulionimaliza hamu ya J/24. Kontena kwa ndani lina upana wa kama mita 2.35. Yoti ya mita 2.71 haiingii ikiwa imekaa sawa. Itabidi ilazwe kwa ubavu kwenye fremu maalumu au isafiri nje. Wayfarer inaingia kwenye kontena la futi 40 pamoja na mlingoti wake na nafasi inabaki. Kisha kuna zaidi ya kilomita 1,100 za barabara kutoka Dar, na ukifika, J/24 inataka kreni kila inapoingia na kutoka majini. Wayfarer inataka trela.

Ukiipata J/24 iliyokwisha tumika, gonga sitaha yake kwa sarafu sehemu zote, hasa kwenye mashina ya vyuma. Kati ya tabaka mbili za faiba kuna mti wa balsa, na maji yakishapenya mlio wa sarafu unakufa. Angalia pia vifuniko vya makabati ya nje viwe na komeo. Yoti za zamani za aina hii zimewahi kuzama kwa kulala ubavu maji yakaingia humo. Wayfarer kagua matangi ya hewa: yajaze upepo kidogo, paka maji ya sabuni kwenye viungo, tafuta mapovu. Chochote utakachonunua kina safari ya TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, kwa usajili na ukaguzi, na majaketi ya kuokolea ya kila kichwa, ya watoto yawe ya saizi yao.

Familia? Ghubani, mchana, wazazi wawili na watoto wawili wanakaa kwenye Wayfarer bila kubanana, mpaka kisiwa cha Saanane na kurudi. Ukerewe na watoto wadogo, sitaki kusikia. Mama na watoto wapande meli, mkutane Nansio, mwenye tanga atafika na njaa yake.

Kama una watu watano wanaojibu simu, kreni iliyo karibu, na boya la kufungia lililokingwa na upepo wa kaskazini, chukua J/24 na utaifurahia kuliko mimi. Mwenzetu wa mashindano bado hajakubali yaishe. Alikubali Wayfarer kwa kura mbili kwa moja, ndiye anayeshika usukani kila Jumamosi, na kila tukipita bandarini naona anavyozihesabu kreni.